Miguu Minane na Yai Moja

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana tope la siku ile bado limewaganda watu viatuni, palikuwa na kinamasi cha Kashalala. Humo walibaki korongo wawili wenye mataji ya dhahabu kichwani. Wawili tu, jike na dume. Wenzao walihama kadiri watu walivyochimba mifereji na kupanda viazi.

Mlinzi wa kinamasi alikuwa Ma Kemilembe, mama mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Alikuwa amekilinda miaka kumi na moja. Mwaka huo mkutano wa kijiji ukamwambia wazi: "Msimu huu kifaranga kimoja kikiruka, kinamasi kitabaki. Kisiporuka, tunachimba mifereji mpaka katikati." Kifaranga kimoja! Mtu atakosaje kupandwa na presha?

Akatafuta wasaidizi watatu. Wa kwanza Ta Rutabingwa, baba mkata mafunjo, ndiye aliyekiona kiota cha korongo hao. Wa pili Mwalimu Ishengoma, mstaafu, ambaye daftari lake la kuhesabia ndege ndilo lililoushawishi mkutano utoe huo msimu mmoja. Wa tatu Ma Nyakato, mjane ambaye nyumba yake iko ukingoni kabisa.

Korongo wakataga mayai matatu. Kemilembe akafunga kamba ya mgomba ukingoni, akasema, "Hapa havuki mtu. Tunalinda kwa mbali, kwa macho. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakaitikia wote watatu.

Walielewana wapi!

Siku ya pili jua likawa kali. Ta Rutabingwa akaona jike ametoka kiotani, akasema moyoni, mayai haya yatapikika. Akavuka kamba, akafyeka mafunjo apate pa kupita, akayafunika mayai kwa majani. Tangu hapo kila jua likiwaka, huyo anakwenda.

Mwalimu naye akavuka kila siku kwenda kuhesabu. Matatu. Kesho yake, matatu. Keshokutwa, matatu. Hebu niambieni, mayai huzaana? Lakini daftari lilitaka kujazwa.

Na Ma Nyakato, jamani! Yeye alisema mzazi haendewi mikono mitupu. Akajaza ulezi kikapuni, akavuka kamba, akampelekea korongo hongera ya uzazi. Mara tatu alikwenda. Nusu ya ulezi ilimwagika njiani, panya wakaja kuokota.

Siku ya kumi na mbili nguchiro akawafuata panya. Njia akaikuta imenyooka kama barabara ya mkoa, akafika nayo mpaka kiotani. Ma Nyakato akasikia korongo wanapiga kelele, akatoka mbio na mwiko wa ugali mkononi. Nguchiro akamng'ata kidole, lakini mama wa watu hakurudi nyuma mpaka mnyama akakimbia. Mayai mawili yalikuwa yameshaliwa. Likabaki moja.

Kemilembe alipofika ukingoni pamoja na wale wanaume wawili, alishika kichwa kwa mikono miwili. Jike alikuwa amerudi, amelikalia lile moja. Kemilembe alitaka kulia, akaona bora agombe.

"Nyie watu, nimewakosea nini? Mwizi ningemfukuza kwa fimbo. Nyie mnaopenda, niwafukuze kwa kitu gani? Sasa basi! Abaki mmoja tu hapa ukingoni, amfukuze nguchiro. Wengine wakae majumbani kwao mpaka kifaranga kiruke."

"Nibaki mimi," akasema Ta Rutabingwa. "Kiota nilikiona mimi. Nimeacha kukata mafunjo upande huu wote, na mafunjo ndiyo chakula cha wanangu. Ningekuwa nauza viazi kama wenzangu, ningekubali kukaa nyumbani."

"Wewe ndiye uliyefyeka njia!" akasema Mwalimu. "Nibaki mimi. Bila daftari langu, leo tungekuwa tumesimama kwenye matuta ya viazi."

"Daftari ndilo lililong'atwa na nguchiro?" akauliza Ma Nyakato, akiinua kidole kilichofungwa kitambaa. "Hilo yai moja mnaloligombania, nani kalitoa mdomoni mwake?"

"Na nani kamkaribisha kwa ulezi?" wakajibu wanaume wawili kwa pamoja.

"Nyamazeni!" akafoka Kemilembe. "Mimi peke yangu ndiye niliyeiheshimu kamba hii."

Ta Rutabingwa aliinama, akaitazama njia. "Ma Kemilembe, samahani, hebu sogea uone."

Juu ya nyayo zote palikuwa na alama ya buti la mpira lenye kisigino kilichopasuka. Alama hiyo ilikwenda kiotani ikarudi, ikaenda tena ikarudi, ikazifunika nyayo za wenzake wote. Watu wakayatazama mabuti ya Kemilembe. La kulia lilikuwa limepasuka kisigino.

"Nilikuwa nakuja kila jioni," akasema taratibu, "kuangalia kama mnavuka."

"Ukavuka kuangalia kama tunavuka," akasema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza akalifunga daftari.

Kemilembe akaketi palepale topeni. Aibu ilimshika, na hasira ilikuwa haijamwachia. Miaka kumi na moja amekilinda kinamasi hiki, na hakuna anayekijua zaidi yake. Yai likipotea, mwenye kupoteza kila kitu ni yeye. Na hakuna aliyeikanyaga njia ile zaidi yake. Kamba ya mgomba ilikuwa mkononi mwake. Kule ndani ya mafunjo sauti ya nguchiro ilisikika; amerudi tena.

Haya, nyie mliokuwa mnacheka, semeni. Mwenye kukiona kiota, mwenye daftari, mwenye kidole kilichong'atwa, au mwenye kamba: nani abaki? Na msiniambie wote. Wote ndio waliotufikisha hapa.