Mashine ya Bi Pimbi Isiyo na Waya

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipanga vyumba na kuchangia umeme kama sisi, Kiboko na Bi Pimbi walikaa nyumba moja. Mnamjua pimbi? Ni mnyama mdogo wa kwenye majabali, ukimwona unadhani ni sungura aliyepoteza masikio. Mwenye nyumba alikuwa Mzee Tembo. Mita ilikuwa moja, na umeme ukiisha walichanga sawasawa.

Kiboko alikuwa na kila kitu. Birika la umeme alilijaza hadi mdomoni kwa kikombe kimoja cha chai. Pasi aliiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Na joto likimzidi, alifungua friji akaegemeza tumbo kwenye rafu, akasimama hapo mpaka friji ikanguruma ngrrr, ngrrr, kama inaomba msamaha.

Pamoja na hayo hakuwa na raha. Roho ilimuuma kwa sababu ya Bi Pimbi, mwenye taa moja na jiko dogo la mkaa. Asubuhi Bi Pimbi alibandika maharage, yakichemka kidogo akaepua, halafu huyoo, kaenda kusukwa. Mchana alirudi akapakua maharage laini, yanafuka moshi. Kiboko alichungulia dirishani kwa wivu.

"Mimi nina vyombo chumba kizima na bado nachelewa kazini," alijisemea. "Huyu ana nini?"

Umeme ulipoisha tena kabla ya wakati wake, Kiboko alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo Mzee. Bi Pimbi anapika kwa umeme kwa siri. Mchana moshi wa mkaa hatuuoni, chakula tunakiona. Ndiye anayetumaliza."

Mzee Tembo alikuwa amechoshwa na ugomvi wa umeme. Akamwita Bi Pimbi uani.

"Nilishasema, atakayebainika anakula umeme wa wenzake, anahama. Sijali ana watoto wangapi. Una la kusema?"

Kiboko alitegemea atalia. Bi Pimbi hakulia. Alimtazama Kiboko, akaona macho yake yameganda kwenye mlango wa chumba cha Bi Pimbi.

"Ni kweli, Mzee," akasema. "Nina mashine. Ila usinifukuze kabla hujaipima. Tukishachanga umeme mwingine, ikae kwa jirani mpaka Jumamosi, kisha usome mita mwenyewe."

"Ilete kwangu," Kiboko akadakia. Ushahidi haukumhusu. Alitaka awe nayo na yeye.

Bi Pimbi akaleta kapu kubwa lililofungwa kanga.

"Waya wake uko wapi?" Kiboko akauliza.

"Za kisasa hazina waya, kaka. Nilidhani mwenye vyombo kama wewe unajua."

"Najua bwana. Nakupima tu."

"Basi unajua na masharti yake. Maharage uyaloweke, uyachemshe kidogo kwenye mkaa, kisha sufuria na mfuniko wake uitie humu. Usifunue mpaka mchana. Na vyombo vingine vya umeme uvichomoe vyote. Ina wivu hii, ikiona kingine kimechomekwa inagoma."

"Chombo kizima kina wivu," Kiboko akasonya. "Aibu gani hiyo."

Akaenda kuchomoa. Chwap, birika. Chwap, pasi. Chwap, friji. Joto lilimtesa, jasho likamtiririka shingoni, lakini mchana maharage yalitoka laini, akayala mlangoni ili Bi Pimbi amwone. Akafanya hivyo kila siku, na kila siku akajisikia mshindi.

Jumamosi Mzee Tembo alipofika, Kiboko alimpokea na bakuli.

"Onja, Mzee. Imepika wiki nzima haijapumzika. Hivi ndivyo alivyokuwa akitunyonya."

Mzee Tembo akaonja, akatikisa kichwa kwa utamu. Akaenda kwenye mita. Akainama, akaipangusa kwa sikio, akainama tena.

"Kiboko, umeme haujapungua. Umeliwa wa taa tu."

"Haiwezekani."

"Ifungue, kaka," akasema Bi Pimbi.

Kiboko akairarua kanga. Ndani kulikuwa na vipande vya blanketi na sponji ya godoro kuukuu. Akalipindua kapu, akalikung'uta pu, pu, pu, akitafuta japo betri. Ikadondoka soksi ya mtoto.

"Maharage yanaivia kwenye joto lake yenyewe," Bi Pimbi akasema. "Hapo hakuna cha kula umeme."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, ndiyo. Ningekwambia ni matambara, ungekubali kuchomoa friji?"

Mzee Tembo alikuwa ameshageuka, anaitazama friji, pasi na birika, nyaya zake zimelala sakafuni.

"Kumbe vilivyokuwa vinatumaliza ni hivi vilivyochomolewa," akasema taratibu. "Na mimi neno langu nilishalitoa."

Kiboko akajitwika friji yake, akatoka. Alibisha nyumba hadi nyumba, na kila mwenye nyumba alitazama mzigo ule akafunga mlango. Akafika mtoni, akautua, akaingia majini kupoza tumbo. Yuko huko hadi leo, mwili wote umezama, macho tu ndiyo yako juu ya maji, anachungulia vya watu.

Nanyi, wanangu, umeme ukiisha upesi, angalieni kwanza vilivyochomekwa kwenu, ndipo mumwonee jirani wivu.