Kikuku cha Msokota Kamba

"Mkono uliokaa hauchagui kikuku." Bi. Tatu, jirani wa ukuta mmoja, anadai kwamba maneno haya yalizaliwa na mwanamke mvivu. Mwanamke huyo, kwa masimulizi ya Bi. Tatu, alikuwa akikaa barazani tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri, mpaka siku moja mchwa wakamjengea kwenye kiwiko. Mumewe alipoleta vikuku viwili vya fedha, kimoja kizuri na kimoja hafifu, alimwita kwanza mke mwenza aje achague, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipika. Yule mvivu alipolalamika, mume akamjibu kwa maneno hayo, na methali ikawa imeshazaliwa.

Saumu na nduguye Kombo walikuwa wameisikia methali asubuhi ile kwa baba yao, alipokataa kumchagulia mjomba wao jembe sokoni. Walipomuuliza Bi. Tatu ilikotoka, akawapa hiyo ya mchwa. Wakaibeba mbio mpaka uani kwa bibi yao, Bi. Mwanasha, aliyekuwa anapepeta mchele.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Bi. Tatu hana hadithi isiyokuwa na mwanamke mvivu," alisema. "Mchwa hawakuwapo, wajukuu zangu. Na aliyekaa hakukaa kwa uvivu, alikalishwa. Sogeeni huku, makapi yasiwaingie machoni. Mwanzo wake ni huu."

Zamani palikuwa na kijiji kiitwacho Mkumbini, pale nchi kavu inapoishia kwenye mikoko, na kazi ya wanawake wa huko ilikuwa kamba. Makumbi ya nazi waliyafukia kwenye tope la maji ya chumvi mpaka yalainike, wakayafukua, wakayaponda kwa rungu hadi ukatoka usumba, zile nyuzi za kahawia. Usumba wakauanika, wakausokota kwa viganja mchana kutwa huku wakizungumza. Msichana wa Mkumbini alijua kusokota kamba kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe.

Huko palikuwa na desturi. Binti akishaposwa, hupelekwa kwa sonara kuchaguliwa kikuku cha mkufu, cha fedha tupu. Hakikuwa cha sherehe. Cha sherehe kilikuwa na sanduku lake. Hiki kilikuwa cha kila siku: akishavishwa siku ya harusi asikivue, apike nacho, afue nacho, asokote nacho, mpaka mwaka ugeuke. Kikidumu, watu husema nyumba imeshika. Kikikatika, mke hurudishwa kwao, wazee watazame kuna nini.

Na kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa hivi. Binti hukogeshwa, akatiwa hina, mkono wake wa kulia ukanyunyiziwa marashi na kulazwa juu ya takia la hariri. Hapo haruhusiwi kutikisa hata kidole. Walisema mkono ukitikisika, riziki humwagika. Mchaguzi alikuwa mama mmoja mtu mzima, Bi. Nunu, aliyeaminiwa na kijiji kizima kwa jicho lake. Humvisha binti kikuku kimoja baada ya kingine, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akatazama kinavyolala. Mwisho husema, "Hiki." Likishasemwa, limesemwa.

Zahara alichaguliwa hivyo. Kikuku chake kilikuwa na maua madogo ya fedha, na kila aliyekiona alimwomba ainue mkono akione tena. Kilikatika msimu wa mvua za kwanza, naye yuko uani kwa mumewe, Masoud, anasokota kamba. Hakuanguka, wala hakugombana na mtu. Kilidondoka tu mapajani. Mama mkwe alikiokota, akakifunga kwenye kitambaa, akampa. Jua halijatua, Zahara akawa yuko kwao. Masoud alisimama mlangoni akamwangalia anavyoondoka, asiseme neno.

Zahara alikuwa na mdogo wake, Mwatime, msichana mkimya mwenye tabia ya kuangalia kitu mpaka kimwambie. Naye alikuwa ameshaposwa. Wanawake wa kisimani hawakumficha: chake kikikatika pia, basi kisirani si cha Zahara peke yake, ni cha nyumba nzima, na wale dada wawili watazeeka pamoja wakisokota kamba za kufungia mbuzi wa wenzao.

Maneno hayo Mwatime aliyasikia, lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa kitu kidogo zaidi. Alitaka kujua kikuku kilikatika kwa nini.

"Dada, kilikatika wapi?"

"Mkononi. Wapi tena?"

"Nauliza sehemu gani ya mkufu."

"Mwatime, niache. Kimekatika, kimekatika. Ukijua ni sehemu gani, utanirudisha wewe?"

 Zahara alipokwenda kuanika usumba, Mwatime alifungua kile kitambaa, akakisogeza kikuku kwenye mwanga wa mlango. Kwanza akashangaa kuona hakikukatika. Kipete kimoja cha mkufu kilikuwa kimeachama tu, kama mdomo wa mtu anayetaka kuuliza jambo. Vingine vyote vilikuwa vizima.

Akawaza, labda fedha ni ya uongo, imechanganywa na bati ndiyo maana ikalegea. Akakifunga kwenye ukaya wake wa kichwani, akakipeleka kwa sonara, Fundi Chande.

Fundi alikisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akasubiri.

"Fedha hii ni safi kuliko ulimi wa aliyekutuma," alisema.

"Nimejituma mwenyewe, fundi."

"Basi kuliko wako."

Mwatime akacheka, lakini hakuondoka. Kama fedha ni safi, na dada yake hana kosa, nini kilichokiachamisha kile kipete?

"Fundi, hiki mbona kimefunguka badala ya kukatika?"

"Vya maua sivilehemu, yaani siviungi kwa moto. Moto wa lehemu huziba maua, yakawa kama uji uliomwagika. Hivyo nazikutanisha ncha za kila kipete kwa koleo, basi."

"Hujawahi kuona kimefunguka?"

"Kifunguke kwa nini? Mimi huviona vikiwa juu ya takia, vimelala kama paka aliyeshiba."

Mwatime alirudi kwao na neno hilo. Juu ya takia. Alilibeba mpaka siku yake ya kuchaguliwa ilipofika.

Siku hiyo chumba cha sonara kilijaa wanawake, na udi ulikuwa mzito. Mama yake Mwatime alikaa karibu na takia, amekaza uso. Zahara aliwekwa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, maana hawakutaka kisirani kifike katikati. Bi. Nunu alifungua kisanduku, akatoa kikuku cha maua, ndugu kabisa wa kile cha Zahara, akamvisha Mwatime. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa.

Mwatime akauinua mkono kutoka kwenye takia.

 Mama yake alijifunika uso kwa kanga.

"Wee mtoto," Bi. Nunu alisema polepole, "unajua umefanya nini?"

"Naomba niletewe usumba, shangazi."

"Usumba?" mwanamke mmoja akadakia. "Kwani humu kuna mbuzi wa kufungwa?"

Wakacheka. Mwatime alingoja wamalize.

"Kikuku hiki hakitaishi juu ya takia," alisema. "Kitaishi kwenye usumba. Sijui kitafanya nini, ndiyo maana nataka kuona."

"Umemwaga riziki," Bi. Nunu akamwambia.

"Kama imemwagika nitaiokota. Dada yangu hakutikisa hata kidole siku yake, shangazi. Wewe ulikuwapo. Mbona yake ilimwagika?"

Hapo hakuna aliyecheka. Bi. Nunu aligeuka akamtazama Zahara pale mlangoni, na huenda ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu arudishwe kwao.

"Mleteeni usumba," alisema.

Zahara mwenyewe ndiye aliyekwenda. Alirudi na kikapu, akakiweka katikati ya chumba, na safari hii hakuna aliyemrudisha mlangoni.

Mwatime alikunja kanga yake, akaanza kusokota kama anavyosokota siku zote, kiganja juu ya kiganja. Kamba haijafika urefu wa dhiraa, unyuzi mmoja wa usumba ulijipenyeza pale ncha za kipete zilipokutana. Akasokota tena, unyuzi ukavuta. Akasokota mara nyingine, na kikuku kikadondoka mapajani mwake, kimeachama.

Zahara alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. "Hivyohivyo," alisema. "Hivyohivyo hasa."

Mwatime hakushangilia, kwa kuwa alikuwa bado anatafuta. Aliomba kikuku kinene kuliko vyote, chenye pete kama za mnyororo wa nanga. Hicho alikuwa na hakika nacho. Alijiambia kwamba kitu kinene ndicho kinachodumu, nani asiyejua hilo? Akakivaa, akasokota. Hakikufunguka, lakini pete zake kubwa zilimeza nyuzi nzima nzima, kamba ikatoka na mafundo, na kifundo cha mkono kikachubuka.

"Hicho kitakusokota wewe," alisema yule mwanamke wa mbuzi, na safari hii Mwatime akacheka pamoja nao.

"Mie nilidhani ndicho," alisema. "Fundi, huna kingine?"

Fundi Chande alipekua chini ya kisanduku. Akatoa mkufu uliofifia kwa kukaa, alioutengeneza zamani kwa ajili ya kuning'iniza kisu cha mzee mmoja, mzee akafariki kabla hajauchukua. Vipete vyake vilikuwa vidogo, vimebanana kama punje za mtama kwenye suke, na kila kimoja kimelehemiwa. Alikata kipande cha kumtosha mkono, akatia kishikizo.

"Sijamwonyesha mtu," alisema. "Hauna sura."

Mwatime akauvaa. Usumba ulipita juu yake, hauoni pa kuingia. Akasokota mpaka kamba ikafika mlangoni, na kadiri alivyosokota, usumba ukawa unausugua ule mkufu, ile rangi ya kufifia ikaanza kuondoka. Wanawake walisogea karibu. Mama yake alikuwa ameshaishusha kanga usoni.

Bi. Nunu aliomba apewe. Alivua buibui lake la kutokea, akakaa kwenye mkeka kati ya wale dada wawili, akauvaa mkufu, akashika usumba. Hakuwa amesokota kamba tangu alipofanywa mchaguzi, na viganja vyake vilikuwa vimesahau. Ya kwanza ilimkatikia. Ya pili ikakubali. Alisokota kwa muda mrefu, kisha akamgeukia fundi.

"Nimewachagulia mabinti wa watu kwa jicho, mikono yao imekaa kimya kama ya wageni. Mkono uliokaa hauchagui kikuku, fundi."

"Na mimi nilikuwa natengeneza vya kukaa," Fundi Chande akajibu. "Ngoja niwashe moto, nivilehemu vilivyobaki, hata maua yakiziba."

Tangu siku hiyo, huko Mkumbini binti hapelekwi kwa sonara bila kikapu cha usumba. Na lile neno la Bi. Nunu likatoka chumbani humo, likaingia kwenye mambo ya majembe, ya vyungu, ya nyumba za kupanga, hata ya posa. Kikuku cha Mwatime kilimaliza mwaka na kuendelea.

Bibi alikung'uta ungo, akachota mchele mwingine. Saumu alimngoja aendelee. Alipoona haendelei, akauliza, "Na Zahara?"

"Zahara," bibi alisema. "Habari zilimfikia Masoud. Alikuja hadi kwao, akapiga hodi, akakaribishwa uani. Zahara alikuwa anasokota. Masoud alisimama mbele yake na kikuku kipya mkononi, vipete vidogo, kimelehemiwa vizuri. Akasema, 'Zahara, kila mtu anajua sasa kwamba hukuwa na kosa. Nimekuja kukuomba urudi nyumbani. Kikuku nimekuchagulia mwenyewe. Nyosha mkono nikuvishe.'"

"Akasemaje?"

"Zahara alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Akaendelea kusokota. Masoud akawa amesimama pale, kikuku kiko mkononi mwake."

Bibi akarudi kwenye mchele wake.

"Si angenyosha tu," alisema Kombo. "Ameombwa vizuri, na kikuku ni kizima. Alitaka nini tena?"

"Anyoshe?" Saumu akamkabili. "Siku anafukuzwa si alisimama tu mlangoni kama nguzo. Mimi ningemwambia akivae yeye."

"Wewe mkorofi. Mtu amekiri."

"Amekiri baada ya kijiji kukiri."

Wakavutana hivyo, mmoja anamrudisha Zahara kwa mumewe na mwingine anamtoa, mpaka Kombo akachoka, akamgeukia bibi.

"Bibi, tuambie basi. Alipaswa kunyosha au hakupaswa?"

Bi. Mwanasha alipuliza makapi, akawaangalia wote wawili, walivyokaa juu ya mkeka wamekunja miguu, viganja vyao laini vimelala mapajani.

"Mkono uliokaa," alisema, "hauchagui kikuku."