Kuni Mbichi za Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipika, walifagia na kugombana kama sisi tu. We unayemvuta paka mkia, mwache, sikiliza!

Msitu wote alikuwa ameushika Kifaru. Kuni kavu zote zilikwenda bandani kwake. Wadogo waligawiwa mbichi, zile zinazotoa povu zikiwekwa motoni: fsssss! Moto unahangaika kukausha maji, chungu hakichemki, na nyumba inajaa moshi.

Pimbi wa mwambani alikuwa na binti, Chiku. Mtoto alikohoa, kho! kho! mpaka mbavu zikamuuma. Pimbi akashikwa na hasira, akaenda kwa Kifaru.

"Shikamoo, Mzee. Nipe kuni kavu. Mwanangu anabanwa na kifua."

"Kuni ni kuni!" Kifaru akafoka. "Nimeshasema, na neno langu halirudi!"

"Halirudi kabisa?"

"Kabisa!"

"Haya. Basi kesho karibu kwangu uonje maharage mapya."

Kule kwao, mkubwa ndiye aliyeonja maharage mapya ya kila nyumba. Huketi jikoni karibu na mafiga, wala hatoki mpaka chungu kiepuliwe. Akitoka mapema, ni aibu ya mwaka mzima.

Kesho yake Pimbi akampeleka Chiku kwa shangazi yake. Wanyama wakajaa nje. Kifaru akajisukuma mlangoni, kru! kru! Akaingia kichwa na kifua, makalio yakaziba mlango.

Pimbi akachochea kuni mbichi. Fsssss! Moshi ukapanda, yeye mfupi akalala chini sakafuni.

"Mbona giza?" Kifaru akauliza.

"Moshi tu, Mzee. Sisi tumeuzoea."

"Kho! Macho yangu! Epua chungu!"

"Maharage bado mawe, Mzee. Au unatoka? Watu wako nje, watacheka kwelikweli."

"Sitoki! Ongeza kuni!"

"Naam." Fsssss!

"Si hizo, wewe!"

"Kuni ni kuni, Mzee."

Lo! Machozi yakamtoka Kifaru, na makamasi juu yake. Akapiga kelele: "Jamani! Fungueni banda langu! Leteni kuni kavu!"

"Za nyumba hii tu?" Pimbi akauliza, akisogeza gogo jingine bichi.

"Za nyumba zote! Zote! Kho! Kho!"

Wanyama wakatoka mbio. Kuni kavu zikapitishwa dirishani, moto ukawaka, pwaa! Moshi ukakatika, maharage yakatokota, Kifaru akaonja. Akatoka kinyumenyume, macho mekundu.

Banda lake jeupe! Hata kijiti hakuna.

"Rudisheni kuni zangu!"

Pimbi akasimama mbele ya ile pembe, kadogo hivi, kiuno kimeshikwa.

"Haturudishi ng'o! Neno lako halirudi, na wote hapa wamelisikia. Mwakani utakuja tena kuonja. Tugawie mbichi tena, uone!"

"Uone!" wanyama wote wakaitikia.

Kifaru akafungua mdomo ajibu. Kho! Kho! Kho! Akaondoka zake.

Jioni Chiku akarudi nyumbani, akakaa karibu na mafiga, akala maharage, akalala bila kukohoa.

Yangu yanaishia hapo jikoni, wanangu: anayekugawia moshi, mkaribishe akae nao.