Wembe wa Mwalimu Rwegoshora

"Ukikisifu kitabu, wembe umepita." Ndivyo mkutubi alivyomjibu mwenzenu asubuhi ya leo, alipokuwa akikinadi kitabu kipya ambacho hata karatasi ya nailoni hakijavuliwa. Nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sasa mnauliza usemi huo umetoka wapi. Ketini basi. Chimbuko lake ni aibu ya mtu mmoja, na aibu ya mtu haisimuliwi kwa pupa.

Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyeitwa Anselmi Rwegoshora. Alisoma katika Shule ya Bweni ya Nyakarama, akawa kiranja mkuu, kisha akarudi pale pale kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na miwili. Hata uzeeni alitandika kitanda chake kwa kona zilizokunjwa kama bahasha, kana kwamba kiranja wa bweni angepita kukagua. "Neno la mtu wa Nyakarama ni mhuri," alizoea kusema, na hakuna aliyembishia. Ndiyo maana kila kitabu kipya cha watoto au cha vijana kilipoandikwa wilayani, kilipelekwa kwake kwanza. Akikisifu, walimu wakuu walikinunua. Akinyamaza, kililiwa na mchwa.

Siku moja alifikiwa na mwanafunzi wake wa zamani, Devota Kokushubira, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa ametumia miaka sita kuandika hadithi ya vijana iitwayo *Viatu vya Sabina*. Alipiga goti, akaamkia, akatoa kitabu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hiki ndicho cha kwanza kushonwa. Mashine ya kukatia kingo imeharibika pale kiwandani, kwa hiyo kurasa bado zimeshikana. Utazipasua kwa wembe kadiri unavyosoma. Nimemwomba mchapaji asishone vingine mpaka wewe useme viko sawa. Jicho lako halipitwi na nukta."

"Niachie, binti," alijibu Rwegoshora. "Mtu wa Nyakarama hapokei kazi akailalia."

Akailalia. Si kwa uvivu, maana uvivu hakuujua, bali kwa kiburi, ambacho hakukijua pia. Kitabu kilikaa mezani wiki mbili. Alilitazama jalada, akasoma kurasa chache zilizokuwa wazi mwanzoni, akaona Kiswahili kimenyooka. Kila alipokumbuka wembe, alijiambia kwamba kitabu cha watoto si cha kumtoa mtu mzima jasho. Harufu yake huijua mtu tangu mlangoni. Hatimaye akaketi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa mlalo:

"Nimekisoma kitabu hiki herufi kwa herufi. Sehemu yake ya katikati itamtoa machozi kila kijana mwenye moyo. Hakina dosari."

Devota alipoyasoma maneno hayo alilia kwa furaha, akayapeleka kwa mchapaji. Nakala mia tatu zikashonwa, na maneno ya mwalimu yakapigwa chapa nyuma ya kila jalada.

Kitabu kilizinduliwa Siku ya Wazazi, katika ukumbi wa Nyakarama. Maboksi yalifika asubuhi, vitabu vikauzwa mlangoni, na wanafunzi wakaanza kupasua kurasa kwa nyembe zao za kuchongea penseli. Rwegoshora alikuwa jukwaani, tai ya shule shingoni, nakala yake ndani ya mkoba miguuni. Alizungumza kwa muda mrefu juu ya ukweli, nidhamu na uzito wa neno. Kisha akasema, "Nani kati yenu atusomee ile sehemu ya katikati, inayogusa moyo?"

Msichana wa kidato cha pili aitwaye Alistidia akasimama. Alikuwa amekunja uso tangu alipopasua kurasa zake.

"Mwalimu, nisome kama ilivyo?"

"Kama ilivyo, mwanangu. Usiruke hata mkato."

Alistidia akasoma: "'Sabina alivua viatu vya kaka yake, akavificha chini ya mgomba, akaanza kupanda mlima huku...'" Akahamia ukurasa uliofuata. "'...kinyesi kikiwa cha kijani. Hizi ndizo dalili za mdondo. Mtenge kuku huyo mapema, na banda lipuliziwe dawa.'"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Masikini Sabina!" alipaza sauti mzee mmoja kutoka nyuma. "Kapanda mlima binti, kafika juu kuku!"

"Na machozi, mwalimu, tuyatoe sasa au tungoje mayai?" akadakia mwingine.

Kilichotokea kilikuwa rahisi kueleweka. Siku zile zile mchapaji alikuwa akichapa kijitabu cha ufugaji wa kuku, chenye kipimo kile kile cha karatasi, na mshonaji alichanganya mafungu ya kurasa. Devota hakuwa akicheka. Alinyakua nakala moja, akapasua, akaona kuku. Akanyakua ya pili, kuku. Miaka yake sita ilikuwa imekatikia ukurasa wa kumi na sita. Akageuka, na usoni mwake bado palikuwa na tumaini moja.

"Mwalimu, nakala yako ndiyo ya kwanza, nawe umeisoma yote. Bila shaka yako ni nzima. Naomba utusomee hiyo."

 Rwegoshora angeweza kusema ameiacha nyumbani. Uongo huo ulifika hadi kwenye ulimi, ukakaa pale, naye akashangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Lakini mkoba ulikuwa miguuni, na kona ya jalada ilichungulia nje. Akainama, akaitoa, akampa Devota bila kumtazama.

Devota akajaribu kuifungua katikati. Haikufunguka. Akajaribu mbele kidogo, kisha nyuma. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama siku alipompelekea. Wanafunzi wa safu ya mbele waliona, wakaacha kucheka. Kicheko kilikufa safu baada ya safu, mpaka yule mzee wa nyuma akauliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini?"

Devota hakumkemea mwalimu wake. Ingekuwa nafuu kama angemkemea. Aliwaelekea wanafunzi, akasema polepole:

"Nani ana wembe?"

Alistidia akamletea. Mbele ya ukumbi mzima, katika kimya ambacho Rwegoshora alikuwa akikidai kwa miaka thelathini na miwili bila kukipata, wembe ulipita katika ukurasa wa kumi na sita. Wa kumi na saba ulikuwa wa kuku.

Rwegoshora akasimama wima. 

"Sikukisoma," alisema. "Niliandika kwamba nimekisoma, na sikukisoma. Nilikidharau kwa sababu ni cha watoto, nikamdanganya mwenye kitabu nikidhani ninampa heshima. Mshonaji alikosea kwa mkono. Mimi nilikosea kwa makusudi." Akaivua tai ya shule, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Kisha akashuka.

Mchapaji alivifumua vitabu vyote mia tatu na kuvishona upya, na kazi hiyo ilichukua miezi minne. Rwegoshora akaenda kwa Devota kuomba aruhusiwe kuandika maneno mengine ya jalada.

"Kisome kwanza, mwalimu," Devota alisema. "Ya sifa tutayazungumza baadaye."

Akachukua nakala ya kwanza iliyoshonwa upya, akaisoma. Alipasua ukurasa kwa ukurasa, akajikata kidole gumba, akaendelea. Alipofika kwenye mlima aliona kwamba sehemu ya katikati ilikuwa inatoa machozi kweli, na hilo lilimuumiza kuliko kicheko cha ukumbi. Aliandika barua ya kurasa tano. Alionyesha mahali pawili ambapo hadithi ilisinzia, na neno moja la kiutu uzima kinywani mwa mtoto, kisha akaeleza ni kwa nini kijana yeyote asikikose kitabu kile. Devota akalirekebisha lile neno kwa kalamu katika kila nakala, akamshukuru. Lakini vitabu vilipotoka, nyuma ya majalada mapya palikuwa peupe. Maneno ya mzee hayakuwapo, naye hakuuliza.

Ile barua ilibandikwa kwenye ubao wa maktaba. Siku moja alimkuta mtoto mgeni akiisoma, mtoto asiyemjua yeye ni nani.

"Shikamoo, babu. Wewe umekisoma kitabu hiki?"

"Marahaba. Ni kizuri sana, mjukuu wangu."

Mtoto akamtazama kwa mashaka, akauliza kama walivyokwisha kuzoea kuulizana wanafunzi wote wa Nyakarama: "Wembe umepita?"

 Mzee alikitazama kidole chake gumba, chenye kovu jembamba, akakiinua mtoto akione.

"Umepita," alisema.

Basi, mwenzenu asimchukie mkutubi. Arudi mezani, akivue kitabu chake ile nailoni, akisome, kisha aje atuambie. Ukikisifu kitabu, wembe umepita.