Mzinga wa Nyamizi

Sogeeni, wajukuu. Wewe unayetafuna muwa, tulia kidogo. Hadithi hii inataka masikio.

Hapo zamani, si zamani za mbali, palikuwa na mama katika misitu ya nyuki, jina lake Nyamizi. Mali yake ilikuwa mzinga mmoja aliorithi kwa babake. Mwanawe Shoma alikuwa na pumu. Kila kiangazi nyika ikiungua, kifua cha mtoto hulia filimbi. Nyamizi akaapa: "Atakayemwokoa mwanangu na moshi, mzinga ni wake."

Siku moja simu ikalia. Ni Kalunde, binti wa kakake, aliyesomea mjini kazi ya kusoma picha za setilaiti.

"Shangazi, ondokeni! Moshi mkubwa unawajia. Utafika alasiri."

"Moshi gani? Hapa anga safi, hata kuku wametulia."

"Nyinyi mko chini ya miti, mimi naona toka juu. Mpeleke mtoto zahanati, piteni bondeni."

Jirani yao, Mzee Mlekwa, akatoa baiskeli. Magoti mabovu, pumzi fupi, lakini alimpakia mtoto akakanyaga, mama akikimbia nyuma. Moshi ukawafikia njiani. Filimbi ikaanza.

Penye njia panda akatokea Kasanda, mrina asali, uso mweusi kwa masizi.

"Msipite bondeni! Kunawaka!"

"Kalunde kasema bonde salama!" Nyamizi akabisha.

"Setilaiti yake ilishapita. Moto huu ni wa sasa hivi, na ni wangu. Kienge cha kufukuzia nyuki kimeniponyoka. Pandeni kilimani, tulipochoma mapema nyasi zikiwa mbichi. Hakuna cha kuungua."

Wakapanda. Wakafika zahanati. Mtoto akapumua.

Sasa mzinga!

Kalunde akasema kwa simu: "Nisingeona, moshi ungewakuta mmekaa."

Mlekwa akasema: "Kuona si kubeba. Simu yako ina magoti?"

Kasanda akasema: "Mimi ningenyamaza, nani angejua? Mngeingia motoni na baiskeli yenu."

"Moto wako mwenyewe!" Mlekwa akafoka.

"Wangu, ndiyo. Na ulimi uliousema ni wangu."

Nyamizi alikufa hajaamua. Shoma alirithi nyumba, na mjukuu wa Mlekwa akarithi baiskeli. Ule mzinga ungali mtini, haurinwi. Waliourithi ni nyuki.

Haya, wewe wa muwa, anza: nani alistahili?