Kochi la Bingwa wa Ulaya

Hapo zamani, na sisemi ile zamani ya sungura kuvaa kaptula, nasema zamani hii hii ya majuzi, bando la simu likiisha kabla ya wimbo kuisha, palikuwa na banda la kuonyeshea mpira pale Makambako. Banda la mabati. Na upepo wa Makambako mnaujua: unakuvua kofia, unakuvalisha ya jirani. Mwenye banda aliitwa Mama Yusta, mwanamke mnene wa sauti, mwembamba wa subira.

Ndani ya banda mlikuwa na mabenchi ya mbao. Mbele ya mabenchi, macho kwa macho na televisheni, palikuwa na kochi. Kochi moja, la mtu mmoja, la kitambaa cha maua mekundu makubwa. Springi yake moja ilikuwa imechomoza na kumsalimia kila anayekaa, tena salamu ya karibu sana. Lakini lilikuwa kochi! Watu walishapigana ngumi kwa ajili yake, mpaka Mama Yusta akatunga sheria:

"Kochi ni la shabiki wa timu iliyochukua kombe la Ulaya. Atalikalia mpaka fainali nyingine. Wengine wote, mbao!"

Ikawa hivyo. Kila mwaka kombe lilikwenda kwa zile timu kubwa zenye mashabiki kama siafu. Siafu wakachagua mwenyekiti wao, mwenyekiti akakaa kochini, na akishakaa hata kukohoa kwake kulibadilika. Alikohoa kama mkuu wa wilaya.

Nyuma kabisa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Mzee Mligo. Mbele yake kulikuwa na nguzo ya banda, na nguzo ile ilikata televisheni katikati. Kwa miaka yote hiyo mzee aliona goli la kushoto tu. La kulia alihadithiwa.

Sasa sikilizeni alivyopata timu. Siku moja alinunua fulana kwenye rundo la mtumba, ya kijani, kifuani ina picha ya bata bukini. Alidhani ni sare ya wauza mayai. Akawa analimia nayo viazi. Dereva mmoja wa lori la Tunduma akamwona, akacheka, akamwambia:

"Mzee, hiyo ni jezi! Timu inaitwa Torvika. Iko Ulaya, kwenye baridi kuliko hapa."

"Kuliko Makambako?" mzee akauliza.

"Kuliko Makambako."

"Basi hao ni ndugu zangu."

Imeisha hiyo. Mtu kaposwa na fulana. Toka siku hiyo, kila Jumatatu alimfuata mwenye simu yoyote.

"Torvika wamefanyaje?"

"Wamefungwa, mzee."

"Sawa. Wameumia?"

Hakuwahi kuwaona hata mara moja, maana nani angeionyesha Torvika? Alimpenda mchumba wa kusimuliwa. Na watu wakamcheka. Walimcheka sokoni, walimcheka kisimani, padri naye alimcheka ila kwa heshima. Mzee akavaa fulana yake, akakaa kwenye ndoo yake, akasubiri.

Halafu, jamani, ukafika mwaka ambao mpira ulipatwa na kichaa. Timu kubwa zote zikafungwa. Hii imeanguka, ile imeanguka, mashabiki wakatembea mjini kama wafiwa. Zikabaki mbili ambazo hazijawahi kunusa fainali toka zizaliwe: Monteluna na, ninyi mnaijua nyingine, Torvika!

Mzee Mligo aliposikia alikaa chini, palepale barabarani, bodaboda zikamzunguka. Akasema, "Nikikalia kochi lile siku moja, nikaona magoli yote mawili, sitadai kitu kingine hapa Makambako."

Maneno hayo yaliwaingia watu. Wale wale waliomcheka wakaona aibu. Wakasema: leo banda zima ni Torvika, kwa ajili ya mzee! Wakaja na kanga za kijani, wakaja na matawi ya mipaini, mmoja akaja na dumu la kijani kichwani. Ukiingia ungedhani ni sikukuu ya kupanda miti.

Sasa sogeeni, niwanong'oneze kitu ambacho wao hawakukijua. Torvika huvaa kijani. Na Monteluna huvaa nini? Kijani! Timu mbili za rangi moja hazichezi, refa atampa kadi nani? Kura ikapigwa huko huko Ulaya, Torvika wakaambiwa: ninyi leo vaeni nyeupe.

Mmeelewa? Nyeupe! Na Makambako nani angewaambia? Picha ilikuja bila sauti. Ile pembe ya televisheni inapoandikwa nani kwa ngapi ilishaungua zamani, imekuwa nyeusi kama kikaango. Sura za wachezaji hakuna aliyezijua. Walichokijua ni kijani. Kipenga kikapigwa, na banda zima, pamoja na Mzee Mligo mwenye jezi yake, likaanza kuishangilia Monteluna.

Acheni kucheka. Hata ninyi mngeshangilia.

Dakika za mwanzo akaingia Vumilia, msusi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele. Akachungulia.

"Wale weupe ni wa nani?"

"Adui!" banda likajibu.

"Hapa ndani hawana mtu?"

"Hawana!"

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, kaa chini!"

Vumilia akasimama juu ya benchi. "Basi mimi ni wao. Haiwezekani watoto wa watu waje ugenini wasipokelewe. Weupeee! Karibuni, wanangu, jisikieni mko nyumbani!"

Wakamzomea. Akaimba. Wakamrushia matawi ya mpaini. Akayapokea, akajipepea.

Mara, fyuu! Upepo. Dishi juu ya paa likageuka, televisheni ikabaki chenga tupu, inachemka kama mchele. Mayowe! Fundi Kyando, aliyelifunga dishi lile kwa mkono wake, akapanda juu bila ngazi. Akalikumbatia dishi kama mtu aliyemkuta mkewe stendi anataka kusafiri.

"Inaonyesha?" akaita.

"Bado! Rudisha kidogo! Hapo! Hapo hapo! Usipumue!"

Akiliachia tu, picha inakimbia. Basi Kyando akabaki kule juu, baridi inamtafuna masikio, hajaona mpira hata wa kurusha. Lakini alikuwa shabiki. Kila baada ya muda mabati yakanguruma:

"Torvikaaa! Tuko pamoja! Nani anaongoza?"

Na kweli, kijani wakafunga. Goli la kushoto, tena, lile analoliona mzee! Mzee Mligo akaruka kutoka kwenye ndoo, akazunguka banda mbio, magoti yaliyokataa kupanda hata mlima wa kanisani yakakubali.

"Sisi!" banda likamjibu Kyando. "Tunaongoza sisi!"

Kyando akacheza juu ya paa. Picha ikapotea. Akatukanwa. Akatulia.

Mzee akamgeukia kipa wa weupe, akamnyooshea kidole kwenye kioo. "Mikono hiyo umeiazima? Ungekuwa shambani kwangu hata kiazi kingekuponyoka! Nenda kwenu! Nyumbani kwenu wanajua kama uko hapa?"

"Babu, usimtukane mwanangu!" Vumilia akapiga kelele.

"Mwanao hadaki hata mafua!"

Ikaendelea hivyo mpaka mwisho kabisa, watu wameshaanza kulisogeza kochi kwa ajili ya mzee, wameshalipangusa vumbi, weupe wakasawazisha. Ilisikika sauti moja tu, ya Vumilia, imeshaanza kukauka, inaita, "Njooni mama awakumbatie!"

Muda wa ziada, hakuna kitu. Penalti. Mzee Mligo akapiga magoti. Akamwomba Mungu aisaidie Torvika, awapofushe weupe, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, kwa mpangilio. Mungu, ambaye nadhani naye aliona kuna mkanganyiko, hakujibu. Kipa mweupe, yule wa mikono ya kuazima, akadaka ya mwisho ya kijani. Mweupe mmoja akaweka mpira, akapiga, nyavu zikacheza.

Imeisha. Weupe mabingwa wa Ulaya.

Mzee alirudi kwenye ndoo yake. Hakulia kwa sauti. Alishika ile fulana kifuani, akailainisha kwa kiganja, akasema taratibu, "Msijali, wanangu. Mmefika mbali." Watu wazima wakageukia ukuta wakajifanya wanatafuta simu.

Ndipo nahodha wa weupe akapewa kombe. Akalinyanyua. Halafu akashika jezi yake pale kifuani, akaivuta mdomoni, akaibusu, na kamera ikamsogelea, ikamsogelea, ikajaa televisheni nzima alama ya timu.

Bata bukini.

Mzee akamtazama bata wa kwenye kioo. Akamtazama bata wa kifuani pake. Akamtazama tena wa kwenye kioo.

"Huyo," akasema, "ni wangu."

Jamani! Banda lilivyolipuka, upepo wa Makambako ulisogea pembeni kuangalia. Huyu anacheka, yule analia, mwenye dumu kichwani amelivua kwa heshima. Wakambeba mzee juu juu, wakampeleka kochini. Alikuwa amebakiza kukaa tu, makalio yako hewani, Vumilia akatangulia kusimama mbele ya kochi.

"Samahani, babu," akasema kwa kile kipande cha sauti kilichobaki. "Shikamoo kwanza. Lakini mama, sheria yako inasemaje?"

"Kochi ni la shabiki wa waliochukua kombe," Mama Yusta akajibu.

"Shabiki anafanya nini?"

"Anashangilia."

"Nani humu ndani amewashangilia? Si mimi? Mmenizomea, si mimi? Mmenirushia miti, si mimi? Wamekuja kwenye mchezo mkubwa kuliko yote ya maisha yao, Makambako nzima imewalaani, na babu ndiye aliyeongoza. Mtu mmoja tu amewaambia karibuni. Niondokeeni!"

"Jina la timu yako unalijua?" mtu akamuuliza.

Vumilia akachomoa kitana, akakichomeka tena. "Sasa hivi nimelisikia."

"Ngojeni!" sauti ikatoka mlangoni. Fundi Kyando kashuka, pua inachuruzika, mikono bado imejikunja umbo la dishi. "Ngojeni kwanza. Kwani mlikuwa mnaona kwa macho yenu? Mlikuwa mnaona kwa mikono yangu! Na nilikuwa naita nini kule juu? Kijani? Weupe? Nilikuwa naita Torvika, kwa jina lao, toka mwanzo hadi mwisho. Mzee kawatukana Torvika. Dada kawashangilia bila kuwajua. Mimi sijawatukana na sijawakosea jina. Nani amewatumikia kuliko mimi?"

"Lakini hukuwaona," akasema Mama Yusta.

"Sikuwaona ili ninyi muwaone!"

Banda likanung'unika. Maana ni kweli. Na ya Vumilia ilikuwa kweli. Wakamgeukia Mzee Mligo, wakidhani ataona haya, atarudi kwenye ndoo yake kwa unyenyekevu, nasi twende tukalale.

Hata! Mzee alivuta fulana yake, akakunja mikono.

"Ndiyo, nimewatukana," akasema. "Nani anatukana timu kama mwenye timu? Mgeni hushangilia tu, mgeni ana nini cha kupoteza? Miaka yote ile niliwapenda mkasema nimepotea. Leo nimepotea mchezo mmoja, kwa rangi ya nguo, mnaniambia sikuwahi kuwapenda? Wewe mjukuu wangu, umewapokea vizuri, Mungu akubariki. Walipofungwa kule daraja la chini, mvua inanyesha, hakuna anayewajua, ulikuwa wapi? Na wewe fundi, ahsante kwa mkono. Lakini kama si mimi, hilo jina uliloliita juu ya paa ungelitoa wapi?"

"Kwako, mzee," Kyando akakiri.

"Babu," Vumilia akasema polepole, "wakati ule ulikuwa nao, sikatai. Lakini kombe limechukuliwa leo. Na leo ukiangalia humu ndani walikuwa na mimi peke yangu. Ulimwomba Mungu wakose, babu. Kwa magoti."

Mzee akamfunika bata wa kifuani kwa kiganja. Kisha akasema, "Niliiombea Torvika."

"Mungu alisikia jina au aliona kidole?"

Hapo hata Mama Yusta alikuna kichwa mpaka kilemba kikahama. Mtu akashauri wakae kwa zamu. Mzee akakataa: bingwa ni mmoja. Vumilia akakataa: karibu yangu haikuwa ya zamu. Kyando akakataa: dishi sikulishika kwa zamu. Mwingine akashauri kochi lichomwe, akatolewa nje.

Mama Yusta akaliburuta kochi katikati ya banda, akasimama nalo kama mama aliyeshika mtoto kwenye usuluhishi. Huku yuko Mzee Mligo, aliyeibeba Torvika miaka yote na akaishangilia nyingine siku yenyewe. Huku Vumilia, aliyewabeba weupe siku yenyewe na hakujua ni kina nani. Huku Fundi Kyando, aliyeliita jina sahihi, akawaonyesha wote, na hakuona kitu.

Wote watatu wamesimama. Springi imesimama. Mama Yusta anawatazama ninyi, maana kasema yeye kashindwa na mtakalosema ninyi ndilo litakalokuwa.

Haya, wewe wa mbele uliyekuwa unacheka kuliko wote, anza: nani akae?