Shuka Lililolala Sufuriani

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya wagonjwa? Paukwa!

— PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado na adabu, paliishi mama mmoja, Bi Mwanahawa. Siku tatu alikuwa akipika pilau ya harusi ya bintiye, Zamda. Kamenya vitunguu, katwanga viungo, katoa machozi ya mwaka mzima. Mgongo umechoka, magoti yamechoka, hata pua imechoka kunusa. Wimbo wake ukawa mmoja: "Aaa, nimechoka mimi!" Nasi tunamjibuje?

— Pole, mama!

Harusi ilikuwa jioni ile, naye nguo ya kutokea hana, ila shuka moja jeupe lililochakaa. Jirani yake, Bi Chausiku, akachungulia dirishani. "Shoga, utatoka na hilo? Waalikwa watauliza maiti yuko wapi!"

Zamda akalia chumbani: "Mama, usipotoka wewe, nami sitoki."

Mama akalitazama shuka, akalitazama jiko, akawaza: nilitie rangi! Manjano akaita kutoka koponi: "Nitie mimi! Mara moja tu, uone!"

Akachemsha maji, akamtia, akachovya shuka, akalichomoa papo hapo. Lo! Kiini cha yai! Akalifua kwa sabuni, harufu itoke. Maskini! Kila penye sabuni pakawa pekundu, shuka likawa kama limechinjiwa kuku.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?" akasema Manjano.

"Aaa, nimechoka mimi!"

— Pole, mama!

Makapi ya chai yakakohoa birikani: "Tuite sisi, watu wazima." Akachemsha, akachovya, akachomoa. Akasuuza, rangi yote ikatiririka mtaroni, pakabaki rangi ya maji ya kunawia miguu.

"Umelichomoa hata salamu hatujamaliza!" yakanung'unika Makapi.

— Pole, mama!

Ngojeni, hajasema bado! "Aaa, nimechoka mimi!"

— Pole, mama!

Pembeni mwa jiko palikuwa na rundo la maganda ya vitunguu, yote ya pilau ile. Yakachakarisha: "Mama, sisi hatuna mbio. Tujaze sufuria, zamisha shuka, kisha ukae."

"Nikae? Mimi?"

Hajakaa siku tatu! Akachemsha, akazamisha, akaikalia mbuzi ya kukunia nazi angoje kidogo. Kidogo hicho, watoto! Kidevu kikaanguka kifuani, akakoroma mpaka mfuniko wa sufuria ukaitikia. Moto ukazimika. Maji yakapoa. Hakuna wa kulichomoa shuka, nalo likalala.

— Akachelewa harusi?

We mtoto, una papara kama yeye! Adhana ya alasiri ikamwamsha. "Ole wangu!" Akalivuta shuka kwa mikono miwili. Rangi ya asali! Madoa yote yamezama humo humo. Akasuuza, maji safi. Akasuuza tena, maji safi. Akalianika kambani, likakauka.

Jioni akatoka, mgongo bado unauma, asali inang'aa mabegani. Bi Chausiku akalishika pindo, akaligeuza mbele na nyuma. Zamda akatoka chumbani, akamkumbatia mamake, akanusa.

"Mama, unanukia pilau!"

"Nimeivaa, mwanangu. Siku zote tatu nimezivaa."

Basi wanangu, rangi haimshikii mwenye papara. Nguo na mtu, wote wanataka kulala. Hadithi yangu imekauka kambani, anayeitaka na aianue. Mimi, aaa, nimechoka!

— Pole, mjomba!